Kitambaa Laini Kwanza

Gari linalotunzwa nyumbani linahitaji kazi tatu: kuoshwa, kupigwa polishi na kupakwa nta. Wengi huzifanya kwa pupa kana kwamba zote ni kazi moja, mradi mwisho wa yote gari ling'ae. Lakini kila moja ina tabia yake. Kuosha huondoa kilichotoka nje: vumbi, tope, chumvi, kinyesi cha ndege. Polishi huondoa sehemu ya gari lenyewe, maana haiwezi kufuta mkwaruzo bila kusaga rangi iliyo kandokando ya mkwaruzo huo. Nta haiondoi chochote. Inaongeza utando mwembamba juu ya rangi, ili jua na maji viukute utando huo kwanza. Mimi nilifundishwa tofauti hizi na baba yangu, Tanga, na zimenifaa hata katika mambo yasiyohusiana kabisa na magari.

Baba alikuwa muuguzi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda. Gari lake lilikuwa Peugeot 404 ya buluu, alilolinunua kwa mhasibu wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na huku kwetu ilijipatia heshima katika mashindano ya Safari Rally. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mashindano hayo mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa ndani ya 404. Watu wa rika la Baba waliusimulia ushindi ule kwa fahari, kwa sababu ulithibitisha walichokuwa wanakijua: gari lile lilipita kwenye matope ya masika na vumbi la kiangazi, likafika. Baba hakuwa mtu wa mashindano. Alilitunza gari lake kwa sababu alijua kwamba hatapata jingine.

Hali hiyo ilikuwa ya nchi nzima. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekula akiba, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Vipuri vilitafutwa kwa kuandikiana barua na kuwaagiza jamaa waliokwenda Mombasa. Rangi ya gari ilikuwa ngumu kupatikana kuliko vipuri. Hata sabuni ilipangiwa foleni dukani, na wengi walirudi mikono mitupu. Nafuu ya bidhaa ilianza kuonekana baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984. Kabla ya hapo, ulichokuwa nacho ndicho hicho.

Kulikuwa pia na marufuku ya kuokoa mafuta: magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Barabara za Tanga, ambazo hazikuwa na magari mengi hata siku za kazi, ziliachiwa baiskeli na waenda kwa miguu. Wengine waliilalamikia amri ile. Baba aliifanya kuwa ratiba. Kwa kuwa gari lilikuwa limesimama kwa lazima, Jumapili alasiri ilikuwa saa ya kuliosha, na mimi nilikuwa msaidizi wake.

Kazi haikuanza hadi kivuli cha nyumba kiwe kimelifunika gari lote. Baba alilaza kiganja chake juu ya boneti, akasubiri, akakiondoa. Kama bati lilikuwa bado la moto, tulikaa tukangoja. Nilikuja kuelewa sababu yake baadaye. Maji yakikaukia kwenye bati la moto huacha madini yaliyokuwa ndani yake, na madini hayo hushika kwenye rangi na kuacha madoa ya mviringo. Sabuni nayo ikikauka kabla ya kusuuzwa huacha michirizi inayohitaji kusuguliwa, na kusugua ndiko tunakokukimbia.

Matairi yalitangulia, kwa ndoo yao, burashi yao na kitambaa chao. Vyombo hivyo havikugusa bodi kamwe. Kisha Baba alichukua kopo la maziwa alilolitoboa matundu kwa msumari, akalimwagilia gari kuanzia juu ya paa hadi chini ya milango, bila kuligusa kwa mkono. Maji yalipita, tukayaacha yafanye kazi, yakapita tena. Hapo ndipo vitambaa vilipotoka. Vilikuwa kanga kuukuu za Mama, zilizofuliwa hadi zikawa laini, na Baba alikuwa amekata pindo zote kwa mkasi, kwa sababu pindo lina uzi mgumu na uzi mgumu huchora.

Ndoo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na maji ya kuoshea, nyingine maji ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha kwenye ile ya kwanza. Tuliosha kwa mistari iliyonyooka, sehemu moja kwa wakati, tukishuka kutoka paa kwenda vioo, boneti, milango, na mwisho kabisa sehemu za chini, ambako mchanga ni mwingi. Kitambaa kilikunjwa mara mbili, na kila upande ulipotumika kiligeuzwa.

Siku moja nilimwuliza, "Baba, mbona unageuza? Upande huu bado msafi."

"Macho yako ndiyo yanasema msafi, mwanangu," akanijibu. "Kidonda hakisafishwi kwa pamba iliyokwisha kupita. Pamba ikishapita imebeba, na ukiirudisha unakwenda kupanda ulichokitoa."

Aliiosha rangi ya gari kwa kanuni alizotumia kwenye ngozi ya mgonjwa: lainisha kwanza, anzia palipo safi uende palipo pachafu, usirudi nyuma na chombo kilekile, na usitumie nguvu pale ambapo maji na subira vinatosha. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kuosha gari. Vumbi la barabara zetu lina chembe za kwarizi, na kwarizi ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Anayechukua kitambaa kikavu asubuhi na kupangusa vumbi kwenye boneti anakwaruza. Mikwaruzo yenyewe ni myembamba mno kuonekana kivulini, lakini jua la saa tano likipiga, utaiona imezunguka kila mahali pa mwanga kama utando wa buibui. Watu hudhani ni uzee wa gari. Mara nyingi ni mkono uliolifuta.

Sabuni ilikuwa na habari yake. Kwa vile za dukani ziliadimika, akina mama mitaani walijifunza kupika sabuni ya magadi. Ilitakatisha nguo na masufuria, lakini ilikuwa kali, inababua mikono. Baba hakuiruhusu kugusa gari. Kama hakuna sabuni laini, alisema, maji mengi yanatosha. Kanuni hiyo bado inasimama leo, madukani kukiwa kumejaa sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kuvunja mafuta yaliyoshika kwenye nguo, na haijui kutofautisha mafuta hayo na nta uliyoipaka kwenye gari. Sabuni ya kuoshea vyombo nayo ni hivyohivyo. Shampuu ya gari ipo kwa sababu inaondoa uchafu na kuacha nta mahali pake, na kwa kuwa kifuniko kimoja hutosha ndoo nzima, chupa moja hukaa muda mrefu.

Tanga ni mji wa bahari, na upepo wa bahari una chumvi. Chuma hupata kutu kikikutana na maji na hewa. Chumvi ikiyeyuka ndani ya maji hayo huiharakisha kutu mara nyingi zaidi. Kwa hiyo Baba hakuridhika na sehemu zinazoonekana. Alilala chini juu ya gunia, akamwaga maji safi ndani ya madigadi na kwenye kingo za chini za milango. Kila mlango una matundu madogo ya kutolea maji upande wa chini. Yakizibwa na tope, maji ya mvua yanayopenya pembeni mwa kioo hukaa ndani ya mlango na kuula kutoka ndani. Kazi yangu ilikuwa kuyapitishia matundu hayo kijiti cha kiberiti hadi maji yatoke.

Nikiwa katika kazi hiyo ndipo kidole changu kilipogusa uvimbe mdogo chini ya mlango wa nyuma, usiozidi punje ya choroko. Rangi ilikuwa bado nzima na ya buluu, ila imeinuka. Nilimwita Baba. Alipapasa, akatikisa kichwa, kisha akafanya jambo lililonishangaza: akachukua msasa akaikwangua ile rangi nzima hadi bati likaonekana jeupe, akafuata kutu mpaka ilipoishia. Baada ya hapo alipaka praima, akaiacha ikauke, kisha rangi kidogo aliyoipata kwa fundi. Kiraka kilionekana ukikitafuta. Mlango ule haukuoza.

Nilijifunza siku ile faida ya kuosha gari kwa mkono wako mwenyewe. Usafi ni nusu tu ya faida hiyo. Nusu nyingine ni habari. Mwenye kuosha hupita kila sehemu ya gari kwa kidole, na kidole huona kabla ya jicho. Huona tairi linalolika upande mmoja, mpira wa mlango uliopasuka, oili inayovuja, bampa iliyolegea, jiwe dogo lililobandua rangi. Mambo haya yakionekana mapema hutibika kwa fedha ndogo. Yakingoja hadi yaonekane kwa mbali, huwa yameshakuwa kazi ya gereji. Nyumba ni hivyo, shamba ni hivyo, na mzazi aliyezeeka pia: anayemhudumia kwa mikono yake ndiye anayejua kwamba amepungua uzito.

Polishi Baba aliipiga kwa nadra sana. Magari mengi ya wakati ule hayakuwa na koti la juu lisilo na rangi kama magari ya sasa. Rangi uliyoiona ndiyo uliyokuwa ukiisugua, na kitambaa cheupe kikawa cha buluu. Alinionyesha kitambaa hicho akasema, "Hiyo buluu haitarudi." Katika mtaa wetu kulikuwa na teksi iliyokuwa iking'aa kuliko magari yote, maana dereva wake aliipiga polishi kila alipopata nafasi. Baada ya miaka kadhaa kingo za boneti na mabega ya madigadi, mahali ambapo rangi huwa nyembamba na mkono hukandamiza zaidi, zilianza kuonyesha kijivu cha praima. Bandu bandu huisha gogo. Kila siku kilikuwa kimeondoka kiasi kisichoonekana, mpaka siku ya kuonekana ikafika na hapakuwa na cha kurudisha.

Kwa hiyo Baba alikuwa na mpangilio ambao hakuuvunja. Doa likionekana, kwanza maji. Likikataa, kitambaa kilicholowa kilazwe juu yake kwa muda. Likikataa, sabuni laini. Likikataa, ndipo polishi hafifu kuliko zote, kwa ncha ya kidole, mahali penye doa tu. Na hata hapo aliacha kabla ya doa kwisha kabisa kama aliona rangi inaanza kuchoka. Kwenye mlango wa dereva kulikuwa na mkwaruzo wa msumari uliokuja na gari. Aliupunguza hadi usionekane kwa mbali, akauacha. Mgeni mmoja alimwambia kwamba fundi angeweza kuufuta kabisa. Baba akajibu kwamba kuufuta maana yake ni kushusha mlango mzima hadi kwenye kina cha ule mkwaruzo. Yeye aliona afadhali mkwaruzo.

Niliyaona mafunzo hayo yakitumika ndani ya nyumba. Kaka yangu alipoanza kukwepa shule, wakubwa waliokuja kushauri walikuwa na neno moja: fimbo. Baba aliwasikiliza kwa heshima, kisha kesho yake akaondoka nyumbani mapema akatembea na kaka mpaka shuleni. Aliendelea hivyo kwa siku kadhaa, akimwuliza mambo madogo madogo njiani. Mwishowe, kwa kumwangalia jinsi alivyokuwa akifinya macho kusoma maandishi ya ukutani, akatambua kwamba mtoto haoni mbali. Ubao wa darasani kwake ulikuwa ukungu, na aliona aibu kusema. Alipopata miwani, utoro ukaisha. Fimbo ingeanza, ingepata pengine utii wa wiki moja, na ingeondoa kitu kati ya mtoto na baba yake kisichorudi. Tangu hapo, kila ninapotakiwa kumkosoa mtu, awe mwanangu au mtu ninayefanya naye kazi, hujiuliza kama nimeshajaribu maji.

Nta ndiyo iliyokuwa furaha yake. Ya dukani haikupatikana, lakini nchi yetu ina nyuki, na nta ya nyuki kutoka upande wa Tabora ilifika sokoni. Baba aliikatakata, akaiweka kwenye kikopo, na kikopo akakiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa kuwa nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 na haihitaji moto wa moja kwa moja. Ilipoyeyuka aliitoa, akaenda nayo mbali kabisa na jiko, huko ndiko alikotia tapentaini na kukoroga, kwa sababu mvuke wa tapentaini hushika moto upesi. Ikipoa ilikuwa laini kama samli. Aliipaka kidogo sana, akingoja ikauke hadi iwe na ukungu, kisha akaifuta kwa kanga safi.

Nta ya nyuki ina udhaifu wake katika joto letu: hulainika juani na kushika vumbi. Ndiyo maana nta nyingi za magari hutumia karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazil. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, ni ngumu, na huacha mng'ao wenye kina. Siku hizi kuna pia nta za kiwandani zinazodumu miezi mingi kuliko karnauba, ambayo kwa jua na mvua zetu huisha baada ya wiki kadhaa. Chochote utakachochagua, utando mwembamba hufanya kazi sawa na mnene, na mnene hukupa tu shida ya kuufuta. Utajua nta bado ipo kwa kumwaga maji: yakijikusanya kuwa matone na kuteleza, ipo; yakitandaa na kulala, imekwisha.

Mtu anaweza kukata tamaa kwa kuwa nta inaisha. Baba aliona kwamba hiyo ndiyo kazi yake: iishe yenyewe ili rangi isiishe. Ulinzi wowote wa kweli hulika badala ya kinacholindwa, na kwa hiyo lazima urudiwe. Nawafikiria mama wanaochemsha maji ya kunywa kila siku, na watu wanaozibua mifereji kabla ya masika. Hakuna anayewapongeza kwa homa ambayo haikutokea wala nyumba ambayo haikufurika. Wanastahili kupongezwa, na nimejizoeza kuwapongeza.

Sasa naishi Dar es Salaam na ninaendesha Toyota iliyotumika Japani kabla ya kufika kwangu, kama magari mengi ya mji huu. Rangi imebadilika. Chini kuna praima, juu yake rangi, na juu kabisa koti angavu lisilo na rangi ambalo ndilo hubeba mng'ao na kinga dhidi ya miale ya jua. Vyote kwa pamoja, katika magari mengi, ni kati ya maikroni 100 na 150, yaani kuzidi kidogo unene wa karatasi moja ya ofisini. Lile koti la juu pekee ni kama maikroni 35 hadi 50. Kwa kuwa halina rangi, kitambaa hakikuonyi tena. Utasugua na kitabaki cheupe huku koti likiondoka, na likiisha, boneti hupauka, ikaanza kubanduka magamba. Hakuna polishi wala nta inayotibu hilo. Ni kupaka rangi upya. Onyo alilopewa Baba na kitambaa, sisi inabidi tulibebe akilini.

Taa za mbele zinasimulia habari hiyohiyo. Siku hizi ni za plastiki, na zinatoka kiwandani zikiwa na utando wa kuzuia jua. Utando ukichakaa, taa huwa za manjano. Vijana barabarani watakusugulia kwa msasa laini na dawa ya meno, na zitang'aa mara moja. Lakini msasa umeondoa hata mabaki ya ule utando, na zisipopakwa kinga mpya umanjano utarudi baada ya muda mfupi, haraka kuliko mwanzo. Ukisugua, linda. Usipokuwa na cha kulindia, ahirisha kusugua.

Mji huu una maadui wake. Kunguru weusi, ambao asili yao ni India na walifikishwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kabla ya kuenea pwani yote, hawana mapumziko. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaushwa na jua juu ya boneti huchimba koti la rangi katika muda wa saa chache. Sikikwangui kamwe. Nakilaza kitambaa kilicholowa juu yake, nangoja kilainike, ndipo nakiinua bila kusugua. Nikiegesha chini ya mzambarau, msimu wa matunda, nafanya hivyohivyo kwa madoa ya zambarau. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, nami situmii maji hayo kwa gari. Maji ya mvua ninayoyakinga kwenye pipa ni bora kuliko yote, hayaachi madoa.

Sitaki pia kupoteza maji. Jiji hili hutegemea sana mto Ruvu, na sote tunakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2021 mto ulipopungua. Mpira ulioachwa wazi humwaga zaidi ya lita 100 ndani ya dakika kumi. Ndoo mbili za lita 20 na kopo lenye matundu zinamaliza gari langu, na maji ya kusuuzia ya mwisho nayamwagia migomba. Vijana wanaoosha magari kando ya barabara ni wachapakazi, na ninapokuwa na haraka nawapelekea gari langu. Ninawaomba kitu kimoja tu, wakubali nije na vitambaa vyangu, kwa sababu kitambaa kimoja kinachopita magari mengi hubeba mchanga wa yote.

Binti yangu ndiye msaidizi wangu. Nimemwonyesha jaribio moja: baada ya kuosha na kukausha, vaa mfuko laini wa mkate mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Bati linaloonekana safi litakwaruza vidoleni, kwa sababu ya vumbi la breki, utomvu na chembe za chuma zilizojikita kwenye rangi. Hizo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia bodi, unaoteleza juu ya maji ya shampuu na kuzibeba, nao usipodondoka chini hauchori. Ukidondoka, unatupwa. Siku aliyojaribu mara ya kwanza aliniambia, "Baba, hapa panaonekana safi lakini pana kitu." Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kama angepata alama nzuri darasani. Mtoto aliyejifunza kutoridhika na mwonekano amepata elimu ya maisha.

Baba aliliuza 404 uzeeni, macho yake yalipoanza kumwangusha. Mnunuzi alikuja na fundi rangi wake. Fundi alilizunguka gari, akapapasa kingo za boneti, akachuchumaa kwenye milango, kisha akauliza lilipakwa rangi wapi. Baba akamwambia halijawahi kupakwa, isipokuwa kiraka kile cha nyuma. Fundi akarudia kulipapasa, mara hii polepole. Ile buluu ilikuwa imefifia kidogo, haikung'aa kama teksi ya mtaa wetu ilivyong'aa enzi zake, lakini ilikuwepo yote, na ilikuwa imetosha kumpa mwenye gari mpya miaka mingine mingi. Nadhani hiyo ndiyo maana ya kutunza: kutumia kitu kwa namna ambayo anayekuja baada yako atakikuta.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue polishi gani, namjibu kwamba aanze na ndoo mbili, vitambaa laini visivyo na pindo na shampuu. Aoshe kila wiki kivulini. Apake nta mara tu maji yanapoanza kulala kwenye bati. Akifanya hivyo mwaka mzima, atagundua kwamba sehemu kubwa ya alichotaka kukifuta kwa polishi hakikutokea, na kopo la polishi atalifungua mara chache maishani mwake. Hilo likimfanya amtazame mtoto wake, mwenzake kazini au jirani aliyemkosea kwa jicho la kuanzia na maji, basi Jumapili yake haikupotea.